Mama Aliyetembea kwa Miguu Yangu

Ni mwaka ule unga uliruka bei, tukala dagaa wa omena na viazi vitamu asubuhi hadi jioni, watoto wakaanza kukimbia sufuria. Usiseme bibi huyu amezeeka. Shule niliacha mapema, lakini macho yangu ni mazima, na haya yalinipata mimi, si jirani.

Nilikuwa nimenona. Daktari akasema sukari itaniangusha nisipopunguza mwili. Mjukuu wangu Akinyi akanifunga mkononi saa ya kuhesabu hatua. "Dani," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "elfu kumi kila siku." Nikacheka. Mtu anayebeba karai la samaki kichwani kutoka ufuo wa Dunga hadi mtaa wa Kaloleni, mlango kwa mlango, ahesabiwe kama ng'ombe? Lakini nikavaa, na mwili ukaanza kushuka polepole. Niliringa, sikatai.

Mchana mmoja, jua kali, narudi Dunga, nikamkuta mama mwembamba kama ufito, karai lake liko chini. "Mama, nitwike." Sisi wa samaki hatumpiti mwenzetu hivyo, unamtwika kwanza, salamu baadaye. Nikainua. Niamini, karai lilikuwa jepesi kama ganda la hindi. "Asante. Naenda kwetu Asembo," akasema, akaondoka. Vumbi halikuinuka.

Jioni nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji, saa ikaanza kuhesabu. Inapanda tu. Asubuhi naamka, elfu kumi zimetimia na sijashuka kitandani! Ikawa hivyo kila siku. Akinyi akapiga makofi: "Dani, unafukuzwa na nani?" Majirani wananisifu, na mimi sketi nafunga kwa kamba, karai tupu linanishinda. Mtu mzima wa afya hupungua hivyo? Nikajua kuna anayetembea kwa miguu yangu, na nikimwacha atanimaliza.

Nikarudi palepale mchana. Alikuwepo, karai kichwani. Lakini sasa amenawiri! Mashavu yale yangu. Kiuno kile changu, nakijua.

"Mwizi wewe! Rudisha makalio yangu!"

Akalia. "Usinitukane, Mama. Nilifia huku, wakanizika huku kwa watu, si kwetu. Natembea usiku kucha, kukicha niko hapa tena. Miguu ya kuazima haifiki. Nisindikize wewe mwenyewe."

Nani hataki kulala kwao? Nikalia naye. Lakini Akinyi hana mama, ana mimi tu. Na safari ile, nani amewahi kurudi? Nikamtua lile karai, nikaliweka chini. Saa ikanyamaza. Nikamwambia: "Nilikutwika, dada. Sitakusindikiza."

Mwili wangu haujarudi wote hadi leo. Asembo nimeuliza ni nani hakuletwa nyumbani kuzikwa, wananitazama tu. Wewe unayesoma, mtu akikuomba umtwike, muulize kwanza anakwenda wapi.

Yeye bado yuko pale. Nikipita ananiita kwa upole, "Mama, nisindikize." Moyo unaniuma, simgeukii, nasema:

"Nilikutwika, dada. Sitakusindikiza."