Shangazi na Kome wa Ziwani

Shangazi yangu alivuka mpaka kutoka Uvira na watoto wake wawili pamoja na mimi, mtoto wa kaka yake. Tulipanga chumba mtaa wa Kinama, naye akauza mitumba sokoni Jabe. Siku moja mteja wake, mzee mfugaji wa kuku huko Gihosha, alimwambia anatafuta maganda ya kome. Ukiyasaga na kuyachanganya na chakula cha kuku, mayai hayavunjiki ovyo. Kesho yake tulishuka ziwani na magunia.

Mwanzoni hatukulowa hata miguu. Mawimbi yalikuwa yametupa maganda kila mahali, tukaokota tu. Mzee alinunua yote, akaleta wafugaji wenzake. Shangazi akaacha mitumba.

Habari zikaenea. Ufuo ukajaa akina mama, vijana wa teksi za baiskeli, hata mwalimu mmoja kila Jumamosi. Hakuna aliyeomba ruhusa, wala aliyekuja kutuuliza. Maganda ya mchangani yalipokwisha tuliingia majini hadi kifuani, tukawatafuta kome walio hai kwa vidole vya miguu. Tuliwachemsha, nyama tukala na pilipili, maganda tukauza.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza kwamba wanazidi kuwa wadogo. Akawaita akina mama wa kwaya yake ya kanisani, waliokuwa wakichimba nasi, akachomeka matete kuzunguka kipande kimoja cha maji.

"Hapa tusichimbe kwanza," akasema. "Hawa ni batoto."

"Na batoto yetu batakula nini?" mama mmoja akamuuliza.

"Tutachimba kule kwingine. Hapa tungoje mvua iishe."

Wakakubali. Kwa majuma kadhaa hata wale vijana wa baiskeli waliyazunguka matete bila kuyagusa.

Kisha asubuhi moja tulikuta matete yanaelea, na wanakwaya wenyewe wamo ndani wanachimba. Yule aliyeuliza swali alikuja kwetu, maji yakimchuruzika.

"Mama, usikasirike. Jana bale bijana ba teksi ya velo balianza. Tungeacha, bangemaliza bo benyewe."

Nilidhani shangazi atatukana. Badala yake alikaza kitenge kiunoni, akaingia kuchimba pamoja nao.

Kiangazi kilipofika, miguu iligusa matope tu. Wafugaji wakahamia kwenye unga wa chokaa wa madukani, ufuo ukabaki mtupu. Shangazi alirudi Jabe akakuta meza yake ina mtu mwingine, akawa anatandaza nguo chini, nje ya soko, kwenye jua na mvua.

Yule mama wa kwaya naye alirudi sokoni. Kwa muda mrefu walisalimiana kwa kichwa tu. Meza moja ilipopatikana, hakuna kati yao aliyeweza kuilipia peke yake, basi wakaichukua pamoja. Mpaka leo shangazi anauza mashati upande wa kulia, mwenzake nguo za watoto upande wa kushoto. Wanabishana kuhusu wateja kutwa nzima. Habari za kome sijawasikia wakizigusa.