Nilivyokunywa Kiingereza

Nianze na upumbavu, yaishe: nilikunywa Kiingereza. Nilikiandika kwa zafarani kwenye sahani ya kaure ya mama, nikakiosha kwa maji, nikayanywa yote, kisha nikakaa nikingoja kinipande kichwani.

Asinicheke mtu. Hapa Kindu mgonjwa huandikiwa aya kwenye sahani kwa zafarani, maandishi yakaoshwa, na maji yale, ndiyo kombe, akayanywa. Ikiwa homa hutoka kwa njia hiyo, lugha itashindwaje kuingia?

Na haja nilikuwa nayo. Mwingereza mmoja alikuwa amepiga kambi kando ya mto Lualaba, na watu walisema anatafuta kijana wa kumfasiria. Mimi chuo kilikuwa kimenichosha, maana bakora ya mwalimu wetu wa Kurani iliujua mgongo wangu kuliko mimi nilivyoijua sura yoyote. Kwetu alikuwapo mpagazi wa pwani, amebaki akiuguza mguu, aliyewahi kuwapikia wamisionari Unguja. Akakubali kunifundisha.

"Tuanze na ya leo," akasema. "Ya jana na ya kesho yataka akili, nawe huna."

Hiyo leo yenyewe ikanishinda. Kumbe Waingereza wana leo mbili. Ai iti, akasema, ni kula kwa mtu ambaye mdomoni hana kitu. Ai am iting, huyo ndiye anayetafuna.

"Kwa hiyo yule wa kwanza anasema uongo?"

"Hapana. Anakulaka. Kila siku."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi ana njaa kama mimi. Kaniletee muhogo."

Nikaleta. Nikamuuliza habari ya mto: Lualaba unapita kila siku, na sasa hivi unapita, basi uingie leo ipi? Akatafuna muda mrefu. Zote mbili, akasema, inategemea wewe unataka kusema nini. Sikutaka kusema kitu, nilitaka kujua. Nikauliza habari yangu mwenyewe: kila siku nasoma chuoni, lakini sasa hivi sisomi, na hata nikiwa chuoni sisomi.

"Wewe," akasema, "huna leo hata moja."

Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa ukungu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mpunga. Ndani, sahani ile pale, na zafarani pembeni yake. Nikaandika kwa herufi za Kiarabu, maana nyingine sizijui: leo ya kila siku upande huu, leo ya sasa hivi upande ule. Nikamimina maji. Zikachanganyika. Hilo sikulifikiri.

Wala sikufikiri kwa nini zafarani ilikuwa imewekwa tayari. Dada yangu mdogo alikuwa na homa, na baada ya alasiri mwalimu alikuwa aje kumwandikia kombe.

"Zafarani iko wapi?" mama akauliza.

"Mama, njo ile nilikunywa."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Ni Kiingereza."

Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimgusa mtoto paji la uso, akasimama. Zafarani nyingine ilikuwa kwa mtu mmoja tu, mke mwenza wake, ninayemwita mama mkubwa, ng'ambo ya ua. Walikuwa hawasemezani tangu mavuno, kwa ajili ya kinu kilichopasuka. Mama alikuwa ameapa kwamba hata chumvi hataomba kule.

Akajifunga kaniki, akanishika mkono, akavuka ua.

"Hodi, dada."

Sauti ikatoka ndani: "Nani ananiita dada?"

"Ni mimi. Mutoto anaungua. Zafarani yetu imenywewa."

"Na nani?"

Mama akanisukuma mbele. "Huyu. Anataka kusema Kiingereza."

Mama mkubwa akatoka mlangoni, akanitazama toka utosini hadi vidoleni. "Haya, kiseme tusikie."

Nikafungua mdomo. Kikatoka kicheuo, kirefu, chenye harufu ya zafarani. Mama mkubwa akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mama akauma midomo, akashindwa, akacheka naye.

Zafarani ilikuja imefungwa kwenye kitambaa, na mwenyewe akaja nayo. Mwalimu alipoandika, yeye ndiye aliyemshika dada yangu kichwa, na mama akamnywesha. Magharibi mtoto akaomba uji. Mama mkubwa akaaga, akasema asubuhi atapita tena.

Mama alimsindikiza hadi kati ya ua, akarudi, akaniambia:

"Nilikuwa na adui mumoja tu, muzuri, wa karibu, ukaninyang'anya. Sasa nitamwamkia mpaka nife."