Fundi Aliyejenga Kaunta

Binti yake, Happiness, alipompigia simu kusema kwamba amewalipia wazazi wake siku mbili hotelini, Thobias, fundi mwashi wa Buzebazeba, alitafuta kila sababu ya kutokwenda. Mara mgongo, mara kuku hawana wa kuwalisha. Lakini mkewe, Agnesi, alikuwa ameshapiga pasi kitenge chake. Hoteli hiyo, kando ya ziwa, zamani ilikuwa kanisa walilofungia ndoa miaka arobaini iliyopita.

Kanisa lilipouzwa, Agnesi alilia wiki nzima. Thobias akamwambia, "Walionunua waliniita nikabomoe altare. Nimekataa." Agnesi akalisimulia hilo hadi kwenye jumuiya yao ya kanisa, na wazee wakampa Thobias mkono. Aliupokea huku akitazama viatu vyake.

Sasa meneja wa hoteli alimtambua mlangoni. "Shikamoo, fundi! Njoo uone kazi yako. Kaunta haijapata hata ufa."

Akawapeleka mpaka ilipokuwa altare. Chini ya dirisha la vioo vya rangi zilipangwa chupa za bia. Agnesi aliipapasa kaunta taratibu. Chumbani aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Nilikuwa sina kazi miezi mitano," Thobias alisema. "Nikaona aibu kukwambia."

"Na mawe ya altare?"

"Msimamizi wa ujenzi alisema niyatupe. Nikayabeba. Ndiyo yale ya bafuni."

"Ninayosimamia nikioga?"

"Ndiyo, Mama Happiness."

Walilala kila mtu ameelekea ukuta wake. Asubuhi wakaletewa mayai na mikate. Agnesi alikunywa chai tu. "Mimi nilikusifu kwa mdomo huu," alisema. "Kuzifuta sifa hizo utazifuta wewe."

Jumapili jumuiya ilisali nyumbani kwa mwenyekiti, mzee Nikodemu. Thobias alisimama, akasema yote, hata ya bafu. Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza. Nikodemu alimwambia tu, "Kaa, mzee mwenzangu." Hakuna aliyempa mkono.

Kesho yake aliyang'oa mawe, akayasugua, akayapakia kwenye mkokoteni kuyapeleka kwa padre. Alipita mtaani Kasingirima mchana kweupe. Waliomfahamu walimuuliza amebeba nini, naye alisimama kwa kila mmoja, jasho likimtoka, akajibu, "Mawe ya altare. Niliyaiba."

Agnesi alitembea pembeni bila kumsemesha, kwa mkono mmoja amelishikilia jiwe la juu lisidondoke.