Nyuki Waliambiwa Kwanza

Katika kijiji cha Kiingereza nilikokulia, simu ilishika mtandao mahali pamoja tu: chini kabisa ya bustani, kando ya mizinga ya nyuki. Aliyetaka kuzungumza na Pemba ilibidi asimame pale, simu sikioni, mkono wa pili ukipunga nyuki wasimkaribie usoni. Mama alizungumza na Bibi namna hiyo kila Jumapili, amejitanda kanga juu ya koti la baridi, nami nikingoja zamu yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa ili matope yasiniingie viatuni.

Nikiwasimulia rafiki zangu wa London habari za kijiji hicho, wengine hudhani nazungumzia Pemba yenyewe. Wanasikia matope, kuku, kuni, njia isiyo na taa, na watu wanaojua basi limemshusha nani. Nawaambia hapana, ni Suffolk. Duka lilikuwa moja na ndilo posta. Kanisa lilikuwa la mawe, na makaburi yake yalianzia mlangoni kabisa, kiasi kwamba siku za harusi mabwana na mabibi walipigiwa picha katikati ya waliolala.

Mama alikuwa kea, mtu wa kutunza wazee majumbani. Alimtunza Mzee Alfred, aliyefiwa na mkewe na ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia, nasi tulikaa humo humo nyumbani mwake. Sikuwa nimeletwa zamani kutoka Wete. Aliyenilea mpaka hapo alikuwa Bibi, Bi Mize, mama yake mama. Yeye ndiye aliyenisuka nywele na kunitoa miba, na siku ya kuondoka alinishika kidevu akaniahidi: "Sitakuficha kitu." Alijua ninavyohitaji ahadi ya aina hiyo. Hata wakati ule nilikuwa mtoto wa wasiwasi, nisiyelala mpaka nijue nani kaenda wapi na atarudi lini.

Habari ya nyuki nilielezwa na Mzee Alfred. Ilikuwa kiangazi, amevaa kofia yake yenye wavu, nami nimesimama mbali kidogo nikimshikia kopo la moshi.

"Mtu wa nyumba akifa," alisema, "lazima nyuki waambiwe. Unachukua ufunguo wa mlango wa mbele, unagonga kila mzinga, unataja jina."

"Wasipoambiwa?"

"Wanaondoka. Au wanakufa humo humo."

Alipokuwa mvulana, akasema, mjomba wake alikufa na wakubwa wakasahau. Baridi ilipokwisha walifungua mizinga wakakuta nyuki wamekauka kama majani ya chai. Hakulisimulia ili kunitisha. Alilisimulia kama mtu anayeeleza kwa nini mlango hufungwa ikiwa jioni.

Nilimpelekea mama habari hiyo mbio jikoni. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Lo, Wazungu hawa! Halafu sie Wapemba ndio tunaoitwa wachawi!" Kisha akakunja uso. "Lakini wewe usende kugonga gonga huko. Shirki hiyo. Umenisikia, Rukia?"

Nilimsikia.

Majani yalikuwa yameanza kupukutika siku niliyorudi kutoka shule nikamkuta mama jikoni, macho mekundu.

"Umelia?"

"Vitunguu, mwanangu. Hebu kavue viatu."

Hapakuwa na kitunguu. Ubao wa kukatia ulikuwa mkavu, na sufuriani mlikuwa na wali mtupu. Mimi huona vitu kama hivyo. Ndiyo maradhi yangu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikamwona Mzee Alfred anateremka njia ya matofali kwa fimbo yake, polepole sana, peke yake, jambo ambalo mama hakulikubali kamwe. Mkononi alikuwa na ufunguo mkubwa wa mlango wa mbele.

Nikasimama nyuma ya mtufaha. Akagonga mzinga wa kwanza, mara tatu.

"Mama yake Saada amefariki," akawaambia nyuki. "Kule kisiwani kwao. Tafadhali, msituache."

Saada ni mama. Nilielewa kila neno, lakini miguu yangu iliendelea kusimama kama kwamba hakuna kilichosemwa. Kilichoniondoa pale ni fimbo ya Mzee Alfred, iliyoteleza kwenye matope. Niliruka kumdaka, ndipo akaniona.

"Ee Mungu," alisema. "Umesikia."

"Ndiyo."

"Hukutakiwa kuisikia kwangu. Mama yako anakupeleka London Jumamosi, kwa ndugu zako. Alitaka uambiwe huko, katikati ya watu wako."

Nikamwuliza swali ambalo mpaka leo linanishangaza, kwa kuwa halikumhusu Bibi hata kidogo. "Lakini mama hupokea simu hapa hapa. Si nyuki wameshasikia?"

Alifikiri. Hakulicheka swali langu.

"Wamesikia," alisema. "Hawajaambiwa."

Kisha akasema kwamba yeye jina hakulijua, na jina lazima litajwe, na litajwe vizuri. Akanipa ufunguo. Ulikuwa wa baridi na mzito kuliko nilivyodhani. Nikagonga mzinga wa pili nikasema, "Mize binti Hamadi, wa Wete," nikatega sikio kwenye mbao. Ndani mlikuwa na mvumo wa chini, wa namna moja, kama watu wengi wanaosoma khitma chumba cha mbali. Nikaenda mzinga kwa mzinga. Muda wote Mzee Alfred alinishika bega ili asianguke, au ili nisianguke mimi, sijaweza kuamua.

Mama sikumwambia neno. Alikuwa anajitahidi sana na vitunguu vyake.

Jumamosi tukaenda kwa mjomba, Walthamstow. Viatu vilijaa mpaka kwenye ngazi, nyumba inanukia udi, wanawake wamekaa chini sebuleni. Bi Zuhura, mke wa mjomba, alinipakata ingawa miguu yangu ilifika sakafuni. Wengine wakasogea, mikono yao mgongoni mwangu, mikono mingi, ndipo akanieleza kwamba Bibi ametangulia. Wote wakanitazama. Sikulia.

"Mtoto wa Ulaya huyu," mmoja akanong'ona, si kwa sauti ya chini ya kutosha. "Moyo kama friji."

Mama peke yake ndiye aliyeendelea kunitazama.

Kwenye treni ya kurudi aliniuliza, "Nani kakwambia?"

"Hapana aliyenambia. Nimesikia."

Nyumba zikaisha dirishani, mashamba yakaanza. "Kwetu mtu hapewi msiba akiwa peke yake," alisema mwishowe. "Hungojewa mpaka apate wa kumshika. Ndiyo maana nikakungojesha, mwanangu, si kwa ubaya." Kisha akaongeza, kwa hofu niliyoisikia wazi: "Ulikuwa na nani?"

"Na Mzee Alfred. Na nyuki."

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka katikati ya njia, nikamshika, na hapo ndipo nami nikalia, watu wa behewa zima wakiangalia magazeti yao kwa adabu.

Alipokufa Mzee Alfred nilikuwa nimeshakuwa msichana. Mama alinisubiri kituo cha basi, mvua inamnyeshea, ufunguo mkononi. Aliniambia hapo hapo, kanishika mabega yote mawili. "Sasa twende tukawaambie na wale," akasema. Sikumkumbusha habari ya shirki. Aligonga mwenyewe, akasema kwa Kiswahili kwa sababu siku hiyo Kiingereza kilimkimbia: "Mzee wenu katangulia. Poleni." Aliwaambia kama unavyowapa pole watu waliokaa barazani mwao. Nyumba ikauzwa, mizinga akaichukua jirani, sisi tukahamia London. Sijui kama nyuki walibaki. Mara nyingi nimetaka kuuliza, na mara zote nimeogopa jibu.

Chuoni nilisoma kwamba desturi ile ilikuwa ya vijiji vingi, na kwamba wasomi wanaihesabu kuwa imani ya kale. Sina la kubishana nao. Ila nikikumbuka, namwona mzee mwenye miguu mibovu akiteremka matopeni ili asiwepo hata mdudu wa nyumba yake atakayeachiwa kugundua mwenyewe. Na namkumbuka mama na uongo wake wa vitunguu, akitafuta kitu hicho hicho kwa njia nyingine. Bibi yangu, ambaye hakukanyaga Uingereza, alihesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Hilo sikulielewa siku ile. Nimelielewa ukubwani, na kila nikilifikiria ninahitaji kukaa kidogo.

Sasa mama yuko Walthamstow, mimi niko Croydon, na simu inashika mtandao kila mahali. Misiba inatangazwa kwenye kundi la ukoo, kati ya picha za harusi na dua za Ijumaa, na unaweza kuusoma wako ukiwa umesimama kwenye tramu. Naogopa simu. Naitazama nikijiuliza nani hajasikika siku nyingi.

Mwaka jana mama alinipigia asubuhi. Hakuuliza hali.

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Kundi usilifungue. Nakuja."

London nzima iko kati ya nyumba yake na yangu. Niliilaza simu kifudifudi juu ya friji, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi, nikavifuta, nikaviosha tena. Aliyefariki alikuwa mjomba, yule wa viatu kwenye ngazi, lakini hilo nilikuwa sijalijua. Nilichojua ni kwamba kuna aliyekufa na kwamba kuna anayekuja, na mimi, nisiyeweza kuvumilia kutojua hata saa ya basi, niliacha simu ilale pale ilipo.

Ufunguo wa nyumba yangu mama anao. Siku ile hakufungua. Alisimama nje, akagonga nao mlango, mara tatu, nami nikaenda kuambiwa.