Chumvi Niliyoipandisha Bei

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Lumino, mwanangu, nikiwa mke kijana mwenye kibanda cha chumvi na mafuta ya taa. Habari zilikuwa zimeingia kutoka mpakani Busia: pesa yetu ya pamoja ya Afrika Mashariki inaachwa, kila nchi itachapa yake. Hakuna aliyejua noti mpya zitanunua nini. Watu wakaingiwa na hofu, wakanunua hata wasichohitaji.

Nami sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikachungulia barabara. Asubuhi nilipandisha bei ya kopo la chumvi. Adhuhuri nikaipandisha tena. Na gunia, Mungu anisamehe, lilikuwa lile lile nililolinunua zamani kwa bei ya chini.

Jioni nilimfuata Amoding, mama wa Kiteso aliyeniuzia maziwa ya mtoto wangu mchanga, maana homa ilikuwa imenikausha maziwa ya kifuani. Akataja bei mara mbili ya jana.

"Mbona hivyo, dada?"

"Ng'ombe yangu inataka chumvi," akasema. "Leo nakwenda kwako, nakuta chumvi imeruka. Sasa maziwa nayo inaruka. Mimi nitalia kwa nani?"

Nilirudi na nusu chupa. Mtoto akaimaliza, akaendelea kulia. Mama mkwe akamchukua, akaniambia bila kuinua sauti, "Binti yangu, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hivi ulidhani sokoni unauza peke yako?"

Kesho yake asubuhi nilirudisha bei ya zamani, kila nyumba makopo mawili, wote wapate. Wachuuzi wenzangu walinicheka. Amoding alishusha bei ya maziwa, ila si yote. Bei hupanda mbio, hushuka ikijikongoja. Mtoto alikonda majuma yale, nami nilimtazama roho ikiwa juu juu.

Leo redio inasema bei zinapanda Ulaya, Marekani, kote, kwa vita, ukame na mafuta. Hayo hatuyawezi, mwanangu. Hofu yako unaiweza. Usirundike kwa woga chakula ambacho jirani anakihitaji leo, wala usipandishe bei ya kitu ambacho wewe ulikinunua kwa bei ya chini. Atakayelipa huenda ni yule unayemlaza kifuani.

Mungu akujalie kibaba kisichopungua na moyo wa kukigawa, na kila soko uingialo likupokee kwa jina jema.