Mstari wa Nne wa Fomu

Mimi sikuzaliwa mpole, na sitajisingizia upole hapa. Nyumbani Likoni mama alipenda kusema kwamba mimi, binti yake, nilitoka tumboni nikiwa nimeshakasirika. Kwa hiyo nikisimulia jinsi nilivyomkatalia mtu aliyeshika saini yangu mkononi, wanaonijua hawashtuki. Kinachowashtua ni kwamba mpaka leo sijajuta.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo. Kazi ya kupiga picha za eksirei husomwa mahali pawili: darasani, kwa daftari na mifupa ya plastiki, na hospitalini, kwa watu wenye maumivu ya kweli. Huko hospitalini kila mwanafunzi hutembea na kitabu cha mazoezi. Ukipiga picha ya kifua ikatoka vizuri, msimamizi anatia saini. Ya goti, saini. Ya fuvu, saini. Kitabu kisipojaa, mtihani wa mwisho unausikia kwa wenzako. Changu kilikuwa kimebakisha saini moja tu, ya picha ya kiuno, na zilikuwa zimebaki siku nne.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Kisauni, nami nilikuwa nimepanga chumba Utange. Tulipokea kila aina ya watu: wapishi wa hoteli za Shanzu walioteleza jikoni, mafundi walioanguka kutoka ngazini, watoto wa Kiembeni waliomeza vifungo vya shati. Foleni ilianza asubuhi na kuzunguka mpaka karibu na dirisha la dawa.

Msimamizi wetu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa pwani. Picha zake zilikuwa safi, sitamnyima hilo. Wazee aliwaamkia shikamoo hata kama amechoka, na bibi yeyote alimshika mkono mwenyewe mpaka mezani. Nilimpenda, na nilijifunza mengi kwake. Ila alikuwa na kitu kimoja kilichonikera tangu wiki ya kwanza.

Kwenye fomu zetu, mstari wa nne humuuliza mwanamke kama ana mimba, na hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Darasani tuliimbishwa hilo mpaka tukachoka: muulize, muulize peke yake, muulize kabla ya kugusa mashine. Niliandika hivyo katika mtihani nikapata alama zote. Kumbe msimamizi alikuwa akiujaza mstari huo mwenyewe. Akiona binti amekuja na mamake, anaweka alama kwenye "hapana" hata binti hajaingia. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo.

"Mwanangu, binti za watu hawaulizwi mambo hayo mbele ya wazazi wao. Sisi tuna adabu zetu."

Nilinyamaza, nikawa ninawauliza wale niliowapata peke yao, chini kwa chini. Wale waliokuja na mama zao waliendelea kupita na "hapana" ya msimamizi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilinyamaza muda mrefu hivyo.

Siku hiyo aliingia bi mmoja wa makamo, buibui limenyooka, na binti yake wa miaka kumi na minane au tisa, aliyeteleza bafuni na sasa hakuweza kuinama. Nilimwita binti, akaitika "abee" kwa sauti ndogo, akapanda mezani akilala kwa shida. Picha ya kiuno. Saini yangu ile. Niliitazama fomu: mstari wa nne ulikuwa umeshajazwa, kwa kalamu ninayoijua.

"Mama," nikasema, "naomba utupishe nje kidogo. Nina maswali ya kumuuliza binti."

"Maswali gani? Mwanangu hana siri nami. Uliza nami nipo."

"Haya huulizwa mtu peke yake, mama."

Akaelewa. Uso ulibadilika pale pale. "Staghafirullah! Mwanangu ni mwari huyu, hajaolewa. Wamdhania nini? Wallahi sijapata kutukanwa hivi!"

Msimamizi alisikia kutoka kwenye kile kibanda chenye kioo kizito anamosimama mpigaji picha, akaja mbio. "Tuwie radhi, bi mkubwa. Huyu bado anasoma." Kisha akanigeukia, taratibu kabisa: "Fomu imejazwa. Njoo ubonyeze."

"Imejazwa na nani, mwalimu?"

"Na mimi."

"Wewe ndiye mgonjwa?"

Najua. Kwetu mtoto hamjibu mtu mzima hivyo, na kama mama angenisikia ningelala na njaa kwa umri wangu ule ule. Msimamizi alikunja uso. Akasema basi atapiga picha mwenyewe, akamwomba bi asogee nyuma ya ukuta wa kukinga miale, naye akarudi kibandani. Nilisikia viatu vyake, nikasikia mashine ikianza kunguruma, na miguu yangu ikanirudisha kando ya meza. Nilisimama pale bila aproni ya risasi inayozuia miale, mkono nimeushika ukingo wa meza karibu na bega la binti. Hakuna mtu wa kazi yetu anayebonyeza kitufe hali mtu mwingine amesimama karibu na mgonjwa. Hilo hata yeye hakuweza kulivunja.

"Toka hapo," akasema nyuma ya kioo.

"Sitoki."

"Unajua saini yako iko kwa nani?"

"Najua, mwalimu."

Sifichi. Niliogopa sana. Mama alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anamaliza chuo, na shangazi alikuwa ameshachagua leso atakazovaa siku ya mahafali. Nilimwona kila mmoja wao pale ukutani. Lakini nilikuwa nimechoka kuona mtu akijibiwa swali la mwili wake na mtu mwingine, kisha jambo hilo likaitwa heshima.

Aliyetuingilia alikuwa yule bi. Alitoka nyuma ya ukuta, akamtazama msimamizi kibandani, akanitazama mimi.

"Kwani huo mwanga una nini, hata mwenzio aukimbie nyuma ya kioo?"

Nikamweleza. Kwamba kwa mgonjwa anayehitaji picha, miale yenyewe ni kidogo na faida yake ni kubwa. Kwamba kama kuna mimba, hata changa isiyojulikana, sisi tunapaswa kujua kwanza, ili daktari aamue. Kwamba ndiyo maana kila mwanamke aliyevunja ungo huulizwa, awe mwari, awe mke wa mtu, awe mjane, na kuulizwa si kudhaniwa. "Ningelala mimi mezani hapo, ningeulizwa vile vile."

Bi akaitazama meza. "Mimi nimelala meza hii mara tatu," akasema. "Hapana aliyeniuliza."

"Ilikuwa ni heshima, bi mkubwa," msimamizi akajibu.

"Heshima ya nani?"

Bi akamsogelea mwanawe, akamweka sawa mtandio uliokuwa umemteleza. "Mjibu dadako ukweli," akamwambia. "Na utakalomwambia, mimi sitakuuliza." Akatoka, akauvuta mlango mwenyewe. Msimamizi naye akatoka kwa mlango wa pili, na hakuuvuta, aliubamiza.

Nikauliza. Binti akatazama dari, akajibu. Nikafuta alama ya msimamizi, nikaandika jawabu lake, naye binti akatia saini yake mwenyewe. Kisha tukafanya kama jawabu lile lilivyotaka tufanye.

Kila ninayemsimulia huniuliza: alisemaje? Wauguzi waliniuliza siku ile ile kwenye chai. Wanafunzi wenzangu waliniuliza, shangazi akaniuliza mara mbili. Nilikuwa sahihi au niliwasumbua watu bure? Sijamwambia yeyote, na wewe unayesoma usinisubiri. Jawabu lingekuwa lolote, swali lilikuwa halali yake.

Saini sikupata. Kwenye nafasi ya maoni msimamizi aliandika: "Hana adabu kwa wagonjwa." Wenzangu walifanya mtihani, wakavaa majoho, mimi nikapelekwa hospitali nyingine upande wa Changamwe kuanza mazoezi upya. Nililia, nikamaliza kulia, nikapiga picha za viuno mpaka nikaziota. Leso za shangazi zilikaa kabatini mwaka mzima, na siku alipozivaa alipiga vigelegele mpaka akapoteza sauti.

Leo nami ni msimamizi. Ukurasa ule nimeuhifadhi, na kila kundi jipya la wanafunzi nalionyesha siku ya kwanza, maandishi yake na yote. Huwa naona wengine wanatabasamu, wengine wanaingiwa na hofu.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, binti mkimya nisiyemtarajia hata kuinua sauti, alikuwa kando ya meza na mgonjwa wa kike ambaye mamake alikuwa ameshatolewa nje. Foleni ilikuwa ndefu nami nilikuwa na haraka, nimesimama pale pale nikimhimiza. Akanigeukia. "Shikamoo, mwalimu," akaanza, ingawa tulikuwa tumeamkiana asubuhi. "Naomba nawe utoke nje."

Damu ilinichemka. Mimi? Katika chumba changu? Nikatoka. Niliketi kwenye benchi la korido katikati ya akina mama waliokuwa wakingoja mabinti zao, na mmoja akaniuliza kama mimi pia nimetolewa. Nikamwambia ndiyo.

Mwanafunzi alipofungua mlango nilimwambia alete kitabu chake. Alikileta amekiinamia, macho chini. Nikatia saini, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika: "Alinitoa nje."