Magari Yangu Yasiyofika

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, na huirudia kila ninapokuona umeinama ukiandika hadithi zako, hasa ukifika mahali ambapo gari linazimika.

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, baba yangu alikuwa polisi Bwera, mpakani na Kongo. Kwetu ni Teso, lakini mtoto wa barakisi, kambi ya polisi, kwao ni popote baba alipopelekwa. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyeendesha lori lake mwenyewe. Watu walikaa uani wakichambua maharagwe ya kupakiwa kesho yake, nami nikawasimulia hadithi. Usidhani niliyafuata maharagwe. Nilimpenda Masika, binti yake. Yeye alijua, mama yake alijua, nadhani hata mbuzi wao walijua.

Hadithi zangu zilikuwa tamu, nisijinyime sifa. Kijana na mpenzi wake wamo garini, wanakwenda kwa baba wa msichana, na hapo Kikorongo, pale tembo wanapovuka, gurudumu linapasuka. Jumapili nyingine maji yanakauka kwenye rejeta. Nyingine petroli inakwisha mlimani. Kina mama wanaguna kwa huruma, nami nasema, "Imeishia hapo."

Basi siku hiyo Papa Kambale akaweka ungo wake chini, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo:

"Weye mutoto, gari yako inakufaka kila siku. Juu ya nini batu yako habafikake?"

Nikajichekesha. "Papa, ndio utamu wa hadithi."

"Miye niko shofere. Gari ikikufa natengeneza, naendelea. Leo utabafikisha. Kama haubafikishe, usirudi tena hapa kwangu."

Kicheko kikakatika. Masika akazidi kuinamia maharagwe yake. Mwanangu, niliogopa sana. Kufukuzwa ua ule kulikuwa kumkosa Masika, na nilijua yaliyosemwa juu yetu: watu wa barakisi leo wapo, kesho transfa, wanahamishwa, na binti wa mtu anapelekwa asikojulikana.

Nikaanza. Nikalipitisha gari Kikorongo salama, nikalipitisha Kinyamaseke, ingawa mkono uliniwasha kulitoboa gurudumu. Likaingia Bwera, likasimama uani. Kijana akashuka. Baba wa msichana akatoka mlangoni, akauliza, "Unataka nini?"

Hapo nikakwama. Ndipo nilipojua kwa nini magari yangu yote yalikufa njiani: sikuwa na neno la kusema mbele ya mlango ule. Papa Kambale akangoja. Wote wakangoja, na maharagwe yakaachwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Nataka Masika," nikasema.

Msichana wa hadithini alikuwa na jina jingine kabisa.

Lo! Kina mama wakaziba midomo. Kwa watu wa kina Masika kijana hajiposei. Hutumwa wazee, naye hukaa kwao akisubiri jibu kwa adabu. Nilitamani ardhi inimeze. Papa Kambale akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sasa gari imefika," akasema. "Lakini mutu hajisemeake mwenyewe. Enda, uite afande baba yako na bazee. Bakuje, tuzungumuze."

Nilikimbia mpaka barakisi bila kofia. Wazee walikuja, wakazungumza, wakarudi tena na tena, na transfa ilipofika kweli, Masika alipanda lori nami. Ndiye huyu anayekohoa jikoni, ananionya nisitie chumvi.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukiona vidole vinataka kuliharibu gari, jiulize kwanza unaogopa nini huko liendako. Sikukatazi, magari hufa kweli, tena kwenye barabara hii yetu hufa bila aibu. Lakini lisife kwa kukuokoa wewe. Watafutie watu wako maji ya rejeta, wasukume, wafike, na mlango ukifunguliwa waseme walilojia, hata kama watalisema vibaya. Na wewe mwenyewe, kwa yule umpendaye, usikae njiani ukisingizia injini.

Mungu akunyooshee njia. Akupe moyo wa kubisha hodi, na kila mlango utakaobisha, ndani yake awepo mtu wa kukuambia karibu.